Kiporo cha Kilobaiti Mbili

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Naungama mapema kabla mwenzangu hajaniwahi.

Tulibanana kwenye kibaraza cha fundi wa kompyuta, kila mtu na mashine yake iliyokufa. Mbele yangu alisimama dada mmoja mwenye gauni la rangi ya haradali, waya wa chaja ameuvingirisha mkononi kama bangili. Simu yake ililia. Aliitazama, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu kilichorojeka akiwa peku.

"Mia mbili na kumi na moja," alisema.

"Meseji za wachumba?" nikadakia. Mdomo wangu hunitangulia.

"Za matusi, kaka."

Akanieleza. Zamani aliandika kiprogramu cha kunyoosha msimbo, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta: wewe unaandika hovyohovyo, chenyewe kinapanga mistari. Alikitoa bure. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, lilimeza mstari wa mwisho wa kila faili. Akalirekebisha wiki hiyohiyo. Sasa, miaka miwili baadaye, watu wanamtukana kwa kasoro ileile, maana ujumbe wa hitilafu bado una anwani yake.

"Kuna mtu kalifungasha lile toleo bovu ndani ya kazi yake, anagawa. Nikiwauliza wamelipata wapi, wananiongeza tusi. Simjui mtu huyo. Najua tu ni mchafu."

"Mchafu kabisa," nikasema.

"Anapakua kiporo cha miaka miwili kwenye sahani mpya."

"Na kidole gumba kimezama kwenye mchuzi."

Akacheka. Kwa kicheko kile ningemtukana yeyote, na kumbe nilikuwa namtukana mwanamume aliyevaa viatu vyangu.

Miezi mitatu ikapita tamu. Nilimwita Bi Haradali. Alinipigia kila mchana.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Mwongo. Tumbo lako linanguruma hadi huku."

Siku moja alikuja ofisini kwangu, chumba chenye meza mbili na feni inayolalamika. Mimi hutengeneza nyongeza: unaipachika kwenye programu yako ya kuandikia msimbo, inakusaidia kazi. Ili mtumiaji asihangaike kutafuta vifurushi saidizi kimoja kimoja, nilivifungasha vyote humohumo, arobaini na tatu, kazi za watu. Nilivyovisoma? Hata kimoja.

"Hebu nionje hiyo nyongeza unayojisifia," alisema, mkono mmoja umo ndani ya wangu.

Akaandika mistari kumi. Akahifadhi. Ikabaki tisa.

Alifungua folda, akashuka ndani yake taratibu kama anayechungulia choo cha stendi, akakuta kazi yake. Akautoa mkono wake kwenye wangu. Akaufuta kwenye gauni.

"Jina langu liko wapi?"

"Nilifuta mafaili yote yasiyo msimbo. Ili mzigo uwe mwepesi."

"Jina langu lilikuwa na uzito gani?"

Na mimi, bwege, nikaenda kuangalia. "Kilobaiti mbili."

Akaondoka. Nilipiga simu mpaka sauti ya yule mama wa mtandao, wa kusema simu haipatikani, ikawa kama ya shangazi yangu. Bi Haradali alipokea mara moja tu: "Nikikukumbuka nasikia kichefuchefu," akakata.

Basi nikavifungua vifurushi vyote. Ilikuwa kama kuinua godoro la nyumba ya kupanga. Kimoja mwenyewe alishakitelekeza, akaandika wazi watu wasikitumie. Kingine kilikuwa kimebeba kingine, nacho kingine, vyote vimechacha. Nilijinusa, kweli. Siku kumi na moja nikatupa, nikaleta matoleo mapya, nikarudisha kila jina. Kisha nikawaomba watumiaji wote radhi: kosa ni langu, matusi yaje kwangu, anwani hii hapa.

Yakaja. Mengine yamepangwa vizuri kama mashairi.

Wiki iliyofuata simu ikalia.

"Leo sijatukanwa," alisema. "Nimejihisi mpweke."

"Nikutumie yangu? Ninayo mia tatu."

Kikaja kile kicheko. "Njoo kibarazani kwa fundi, Kiporo. Na unawe mikono."

Nilikwenda na shati lililopigwa pasi, nikamposa mbele ya foleni nzima. Fundi akazima kifaa chake cha kulehemu ili asikie vizuri.

"Nimekubali," Bi Haradali alisema. "Ila bado nakunusanusa."

Hapo ningefunga mdomo. Lakini nilikuwa na mfano wa kadi ya harusi mfukoni, nikautoa. Uliandikwa jina langu, na chini yake: na mkewe.

Aliusoma mara mbili. Uso ukaanza kukunjamana.

"Kadi yenyewe ndogo, mpenzi," nikajitetea. "Majina mawili yatabanana, haitapendeza. Mwenye duka la kuchapa mwenyewe kasema nafasi haitoshi."

Akanirudishia kwa ncha za vidole viwili.

"Kama nafasi haitoshi, futa lako."