Mikwaruzo Upande wa Ukumbini

Jua lilikuwa linazama nilipovuka ua na mashuka masafi mkononi. Nyumba yetu ndogo ya nyuma tunaipangisha kwa wageni wa siku chache. Mgeni wa safari hiyo, mkunga mmoja mpole aliyekuja kwa mafunzo, alikuwa ameshatoka. Alisimama getini na begi lake akisubiri gari. Aliniaga bila kunitazama usoni.

Nikaingia. Nikasimama.

Harufu ya tope. Tope bichi, kama la kisima kilichofukuliwa jana... Kitanda kilikuwa kimeburutwa hadi karibu na mlango wa chumbani, mguu mmoja umevunjika. Na mlango wenyewe! Mlango niliousugua kwa mikono yangu hadi ukang'aa, sasa ulikuwa umechanwachanwa chini, mbao zimetoka nyuzi.

Hasira zikanipanda. Nikatoka mbio hadi getini.

"Dada, ulifuga mnyama humu ndani?"

"Sina mnyama," akanong'ona. "Tafadhali, punguza sauti. Anasikia."

"Nani anasikia? Wasikie wote!"

Na kweli walisikia. Majirani wakachungulia. Gari lake likafika, dereva akashuka kutazama. Nami nilipoona watu ndio nikapata kichwa. Nikamwambia afungue begi, huenda kabeba na vitu vyangu. Alipositasita nikamnyang'anya.

"Fungua begi! Fungua tuone!"

Nikalifungua mwenyewe, nikamwaga vyote kwenye kokoto. Glavu, koti jeupe, nguo zake za ndani... Hakikuwemo hata kijiko changu.

Mtu mmoja akacheka. Mkunga akapiga magoti kuokota vitu vyake. Ningeweza kuinama nimsaidie. Nilisimama tu kama gogo.

Alipoinuka, alinisogelea sikioni.

"Mimi nilikuwa chumbani, dada. Katazame mikwaruzo iko upande gani."

Akapanda gari, akaenda zake.

Nikarudi ndani kupiga picha za uharibifu, maana kiburi kilikuwa bado hakijaniisha. Nikachuchumaa chumbani, simu mkononi, nikautazama mlango vizuri.

Upande wa chumbani ulikuwa laini kabisa.

Mikwaruzo yote ilikuwa upande wa ukumbini.

Uso ukaniwaka moto. Yule mama wa watu hakuharibu kitu. Alikuwa ameuzuia mlango kwa kitanda. Kuna kitu kilitaka kuingia alikolala, naye asubuhi akafunga begi lake, na jioni mimi nikamvua nguo mbele ya kadamnasi.

Nikiwa bado nimechuchumaa, mlango ukajifunga. Taratibu... kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Kimya.

Halafu, kwaruu.

Kwaruu... kwaruu... Chini kabisa, kimo cha mtoto anayetambaa.

"Nani?"

Kukwaruza kukakoma. Ile harufu ya tope ikapenya chini ya mlango. Sauti ikanijibu kwa kunong'ona, karibu na sakafu. Ilikuwa sauti yangu mimi.

"Fungua... Fungua tuone..."

Sikupiga kelele. Ningepigaje, waje majirani walewale? Aibu ilizidi hofu. Nikakivuta kitanda kilema hadi mlangoni, nikakiegemea kwa mgongo, nikiwa nimeng'ata shuka, mpaka mume wangu alipokuja kunitafuta. Alikuta ukumbi mtupu, sakafu imelowa.

Kesho yake fundi seremala alikuja kubadilisha mlango. Akaupapasa, akaguna.

"Mama, huu mlango niliuweka mimi. Ule wa kwanza ulikwaruzwa hivihivi. Mwenye nyumba aliyewauzia alisema ni mbwa."

"Alikuwa na mbwa?"

Fundi akachukua msumeno wake. "Sikuwahi kumwona na mbwa."

Jioni nilijikaza nikampigia mkunga. Nikamwomba radhi kwa begi, kwa kokoto, kwa kile kicheko. Nikamwambia nitapita kwa kila jirani kumsafisha jina.

Akashusha sauti.

"Ulifungua?" akauliza.

"Sikufungua."

"Mimi nilifungua. Usiku wa kwanza. Ilikuwa sauti ya kichanga, dada, na kazi yangu unaijua. Ningeachaje?"

"Akaingia?"

"Hapana. Hakunitaka mimi. Aliniuliza mwenye nyumba analala wapi."

Simu ikawa nzito mkononi.

"Ukamjibu nini?"

Nilisikia akilia, kilio cha chinichini, cha mtu anayeficha uso wake.

"Nilikuwa naogopa, dada. Nikamwonyesha dirisha lako. Kila usiku alirudi kuuliza kama bado unalala pale, ndipo nikaanza kuzuia kwa kitanda. Pale getini nilitaka kukwambia, lakini ningeanzia wapi... Nisamehe na mimi."