Maembe Juu ya Banda la Pampu

Kila asubuhi ya likizo ya Desemba, kabla jua halijawa kali, Afrah alipanda ngazi fupi iliyoegemezwa kwenye banda la pampu, mkononi ana ndoo ndogo na kitambaa. Juu ya paa kulikuwa na paneli nane za sola. Alizifuta moja baada ya nyingine, kisha akaita kwamba tayari. Chini, Mzee Munga aliwasha swichi, pampu ikanguruma, na maji ya kidimbwi cha kuogelea yakaanza kupita kwenye chujio na kurudi yakiwa safi.

Kidimbwi hicho kilikuwa mtaa wa Utange, hatua chache kutoka kwao Afrah, na watoto wa mtaa walifundishwa kuogelea hapo kila Jumamosi. Mzee Munga ndiye aliyekitunza. Goti lake moja lilikuwa bovu na ngazi hakuiweza, kwa hivyo alimtegemea Afrah, binti wa miaka kumi na miwili. "Wewe ndiye miguu yangu," alizoea kumwambia, na Afrah alivimba kichwa siku nzima.

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine, na hiyo hakuipenda hata chembe. Mamake, Bi Kuluthum, alitengeneza achari. Vipande vya embe vilivyotiwa chumvi na manjano vilianikwa uani juu ya leso za kujifunga, na Afrah alitakiwa kukaa na fimbo kufukuza kunguru. Kunguru wa Utange hawana haya. Ukigeuza shingo tu, wameshabeba. Mara mbili Afrah aligombezwa kwa maembe yaliyopotea, na mara zote mbili alikuwa amezama katika kitabu cha hadithi.

Jumatatu moja akapata akili, au alichodhani ni akili. Juu ya paneli zile, fundi alikuwa amefunga nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki ili kunguru wasitue. Tena kioo cha paneli kilipata moto kama chuma cha kupikia chapati. Mzee Munga alipokwenda upande wa lango, Afrah alipanda na leso mbili, akafunika paneli mbili za mwisho na kuanika maembe. Alijiambia kwamba zimebaki sita, na sita si haba.

Haukupita muda mrefu pampu ikakohoa, ikanyamaza, ikawaka, ikanyamaza tena. Mzee Munga alitazama mbingu. Hakukuwa na wingu.

"Afrah!"

"Abee, babu."

"Hebu panda unitazamie. Pana kitu juu ya paneli?"

Afrah alipanda. Maembe yalikuwa yamelala kwa raha zao. Aliogopa kugombezwa, na tena hakuamini kwamba leso mbili zingeweza kuizima pampu nzima.

"Hapana kitu, babu. Ni safi," akajibu.

Saa tisa alasiri aliyateremsha maembe, na mamake akamsifu kwa kuyalinda vizuri. Jumanne alifanya vilevile. Jumatano maji yalikuwa yameanza kugeuka kijani, na ukutani mwa kidimbwi mlikuwa na utelezi. Hata hivyo Afrah alianika tena.

Msimamizi wa kidimbwi na mwalimu wa kuogelea, Bi Roseline, alimwita fundi Sufyan. Fundi alifika siku hiyohiyo saa kumi jioni, wakati leso zimeshateremshwa. Alipima paneli, nyaya na pampu, akasema vyote ni vizima. Aliona michirizi myeupe ya chumvi kwenye kioo, lakini Mzee Munga akasema huenda imeletwa na upepo wa bahari. Bi Roseline alihoji kama kweli paneli zilikuwa zikioshwa.

"Afrah huziosha kila asubuhi," Mzee Munga alijibu. "Mtoto huyu hajanidanganya hata siku moja."

Afrah alitazama vidole vya miguu yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bi Roseline alisema kwamba ikiwa mitambo ni mizima, basi mtu anazima pampu na kwenda kulala. Maji yasipokuwa safi kufikia Jumamosi, atatafuta mtunzaji mwingine.

Usiku huo Afrah hakula vizuri. Aliamua kuacha kuanika kule, akadhani mambo yatakwisha kimyakimya. Alhamisi pampu ilinguruma tangu asubuhi mpaka jioni, na Ijumaa vivyo hivyo. Mzee Munga alitia dawa na kusugua kuta. Jumamosi maji yalimetameta, na Afrah akashusha pumzi kwa mara ya kwanza katika wiki nzima.

Lakini Bi Roseline alipoyaona, uso wake haukukunjuka.

"Sasa nimeelewa," alimwambia Mzee Munga. "Mpaka utishwe ndipo ufanye kazi. Kwa siku tatu ulituchezea. Naomba funguo."

Mzee Munga alianza kufungua uzi wa funguo uliokuwa kiunoni, na fundo likamshinda. Afrah aliona aibu na hofu kwa pamoja. Alikimbia nyumbani, akarudi na leso zilizojaa madoa ya manjano.

"Mwalimu, usizichukue," alimwambia Bi Roseline akihema. "Si babu. Ni mimi. Nilianika maembe juu ya paneli, na aliponiuliza nikasema hakuna kitu."

Bi Roseline alimtazama kwa huruma, akadhani mtoto anamkingia mzee kifua. Afrah hakungoja. Alipanda ngazi, akatandaza leso palepale pa siku zote. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Alipoziondoa, baada ya dakika chache ikanguruma tena.

Bi Roseline alimpigia simu fundi Sufyan, naye akaeleza kwamba paneli zile zimeungwa pamoja kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo za maji. Wawili wakilala, ndoo hazifiki. Bi Roseline alikata simu, akamgeukia Mzee Munga na kumwomba radhi mbele ya watoto wote waliokuja kuogelea.

Afrah alikuwa akilia. "Nisamehe, babu. Wallahi niliacha tangu Alhamisi."

Mzee Munga alikaza tena uzi wa funguo kiunoni, taratibu, kabla ya kujibu.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini sikiliza. Uliacha kosa ukalificha, na maji yakasafika. Jina langu likabaki chafu. Kuacha peke yake hakutoshi. Uliyemkosea ana haki ya kusikia ukweli kutoka kinywani mwako, tena mapema, kabla hajaumia."

Siku hiyo alasiri Afrah alimweleza mamake kila kitu, akarudishwa uani kwenye kunguru wake, bila kitabu.

Asubuhi iliyofuata alifika kidimbwini na ndoo, akamkuta Mzee Munga amekwisha kushika ngazi. Mzee alipanda mwenyewe, akiguna kila kidato, akatazama paneli moja moja. Afrah aliishika ngazi isiteleze, machozi yakimlengalenga. Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu. Siku ya tisa mzee alifika chini ya ngazi, akasimama, akampa kitambaa.

"Panda," alisema. "Kisha uniambie unachokiona."

Afrah alipanda. Alitazama paneli zote nane kwa makini.

"Kuna kinyesi cha kunguru kwenye ya tatu, babu," akasema. "Na ya sita jana sikuifuta vizuri pembeni. Naifuta sasa."

Chini, Mzee Munga alitabasamu, akasubiri na mkono wake kwenye swichi.