Maboksi Matupu

Soko la Chake Chake lilikuwa limefurika asubuhi ile. Ridha alikuwa juu ya kiti akipanga vikombe kwenye duka lake la vyombo, kiti kikayumba, maboksi matatu yakaporomoka. Mawili yalipasukia sakafuni. La tatu lilidakwa na mikono miwili yenye hina, ya msichana aliyeingia kununua trei ya kuokea.

"Uzito wote huu waweka juu, kaka? Wataka kuua wateja?"

Alivaa buibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe, naye alinukia iliki. Ridha alishuka, vumbi limemjaa ndevuni, akasahau hata salamu.

"Trei hii bei gani?"

"Kwako wewe, elfu nne."

"Ulinunua ngapi?"

Ridha alikuna kichwa. "Kama... elfu nne na kitu hivi."

"Basi wanipa sadaka! Mie si maskini, yakhe. Niuzie sita."

Ndivyo alivyomjua Nusaiba wa Vitongoji, aliyeoka biskuti za vileja na kuviuza uwanja wa Gombani siku za mpira. Tangu hapo Ridha hakukosa mechi hata moja, ingawa ukimuuliza nani kafunga, hajui.

Miguuni pa Nusaiba palikaa makopo mawili ya maziwa. Moja lilikuwa la vileja, jengine lake mwenyewe. Siku moja, walipokwisha pendana, Ridha alichukua kileja akala, akamwona Nusaiba akitoa mia mbili kopo lake akaitia la vileja.

"Wamlipia mpenzi wako kileja?" alicheka Ridha. "Si mali yako mwenyewe?"

"Vileja vina haki yao, mpenzi. Vikiliwa bure, kesho unga n'tanunua kwa fedha gani?"

Ridha alicheka sana siku ile. Yeye alikuwa na droo moja. Humo humo ilitoka fedha ya mzigo, vocha, michango ya harusi na mkopo wa kila jamaa aliyebisha hodi, maana alikuwa na haya, hajui kumwambia mtu hapana. Kuihesabu hakuihesabu. Kila akitaka kuihesabu moyo ulimwenda mbio, akaifunga.

Waliposana, ikafika Ramadhani, na wiki ya mwisho mchumba hupeleka kwao mwanamke sinia la nguo za Idi. Majirani huja kulitazama, na hulipima kwa macho. Ridha hakutaka kuchekwa. Fedha ya kumlipa Mmanga, tajiri wa Unguja aliyemletea mzigo kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe, aliinunulia buibui la nakshi, viatu na doti tatu za khanga. Akaongeza seti mbili za chai na chupa kubwa kutoka rafuni. Vitongoji walipiga vigelegele. Na yeye, ili rafu zisionekane tupu, akapanga mbele maboksi yasiyo na kitu.

Siku ya pili Nusaiba alikuja dukani na vileja vya futari. Mama mmoja akauliza vikombe.

"Vimekwisha, mama," alisema Ridha haraka.

"Vimekwisha vipi, na boksi lile?" Nusaiba alinyoosha mikono akajikaza kwa uzito. Boksi likapaa kama karatasi, karibu limpige usoni.

Yule mama alitazama pembeni, akaaga. Nusaiba aligusa boksi la pili kwa kidole, likasogea. Ridha alitamani ardhi impokee. Nusaiba alirudisha boksi polepole, akaligeuza picha ya vikombe itazame nje, kama alivyolikuta.

"N'takupigia baada ya tarawehe," alisema, akaondoka.

Ridha alizima simu. Wa kumtafuta walikuwa wawili, Mmanga na Nusaiba, na hakuwa na uso wa kumpokea yeyote.

Baada ya siku mbili alikuja Bi Mwanawema, shangazi yake Nusaiba, na sinia lile lile, limefunikwa kitambaa cheupe. "Nimeambiwa nikukabidhi mkononi," alisema.

Sinia likirudi, uchumba umerudi. Hilo kila mtu Pemba analijua. Ridha alilisukuma chini ya meza bila ya kulifunua. Idi mosi alisali safu ya nyuma, akajifungia ndani.

Idi pili haya zenyewe zilimchosha. Alilifunga sinia nyuma ya baiskeli, akaenda Vitongoji kuomba radhi. Bi Bimkubwa, bibi yake Nusaiba, alimpokea barazani. Alimletea maji, akasema tu, "Umekonda, mwanangu."

Nusaiba alitoka na buibui la mwaka jana, macho mekundu.

"Siku sita simu umezima! Nikasema bwana kashaoa kwengine."

"Si wewe uliyerudisha sinia?"

"Ulilifunua?"

Ridha alitazama vidole vya miguu yake.

"Lifunue."

Ridha alivuta kitambaa. Vyombo vyote vilikuwamo ndani ya maboksi yao, na buibui la nakshi na lebo yake. Katikati palikuwa na makopo mawili yaliyosuguliwa yakang'ara. Moja limeandikwa DUKA, moja RIDHA. Ndani ya kopo la duka, karatasi: *Viuze hivi. Mie buibui ninalo. Nipigie, roho yangu.*

"Nilidhani umenikataa," alisema Ridha.

"Hukudhani. Hukutazama! Kama droo yako. Mie hukunikera kwa kukosa, Ridha. Umenikera kwa kunipangia maboksi na mie, kama mteja." Kisha, taratibu: "Wadaiwa ngapi?"

Hajapata kuitamka hesabu hiyo kwa mtu. Alimtazama Bi Bimkubwa, akatamani aondoke, lakini bibi alikaa.

"Milioni moja na laki mbili."

"Hizo tu?" alisema bibi. "Mie kwa ulivyokonda nilidhani umeua mtu."

Nusaiba alicheka huku akilia. Akamnyooshea kidole mfuko wenye simu. "Washa. Mpigie Mmanga, mie nipo."

Uso ulimwaka Ridha, lakini alipiga. Alisema kila kitu, hakuongeza wala hakupunguza. Mmanga alikohoa. "Wiki nzima nakutafuta uniambie hayo tu. Lete laki kila mwezi. Na simu usizime tena, kijana."

"Mwaka mzima huo," Ridha alisema alipokata. "Na harusi ni Mfunguo Tatu, miezi miwili tu."

"Itasogea."

"Watu watasema."

"Waseme. Mie kungoja naweza. Kungoja mtu asiyepokea simu ndiko siwezi."

Bi Bimkubwa alisogeza sahani ya vileja. Ridha alichukua kimoja, akala, na kilikuwa kitamu hata machozi yakamlenga. Alipofuta mdomo, akaona kiganja chenye hina kimefunguliwa mbele yake.

"Mia mbili, mpenzi."

Akatia mkono mfukoni, akalipa.