Aliyeshika Kitufe

Kompyuta ya karakana ililia "tu-dii", ule mlio wake wa kutambua kwamba imechomekewa kitu, na Bi Harusi aliyekuwa akifagia akageuka. Hakuna kilichochomekwa. Waya wa USB ulikuwa umeviringwa juu ya meza, bodi zote za mashine zilikuwa ndani ya kasha, na mumewe alikuwa nje akizungumza na mteja. Kabla hajauweka ufagio chini, pua yake ikanasa harufu ya waridi.

Miezi ilikuwa imepita tangu aolewe na fundi, lakini majirani hawakuacha kumwita Bi Harusi, na jina hilo lilikuwa limeanza kumchoma. Bi harusi ni mgeni. Midomoni mwa watu mwenye nyumba alibaki kuwa marehemu, mke wa kwanza, aliyeanzisha na fundi kazi ya kuunda mashine za kutotolea vifaranga. Sifa za marehemu hazikauki: mikono yake myepesi, subira yake, alivyomjulia mumewe. Bi Harusi alimwonea wivu mtu aliye kaburini, akajionea haya, kisha akaendelea kumwonea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lake yeye lilikuwa pale mezani, na alikatazwa kuligusa.

Jembe lenyewe lilikuwa kitufe. Kila mashine ilikuwa na bodi ndogo, ndiyo ubongo wake, na fundi alipotaka kuibadilishia programu ilibidi kitufe kidogo kama punje ya mtama kibonyezwe na kushikiliwa wakati waya unachomekwa, mpaka kompyuta ilie. Ukikiachia mapema, kompyuta haioni kitu. Enzi za marehemu walifanya kazi hiyo wawili. Mke alishika kitufe, fundi, macho kwenye skrini na mkono kwenye waya, aliuliza, "Uko?" Mke akiitika "Nipo," ndipo waya unaingia.

Siku hiyo bodi mpya ziligoma. Bi Harusi alikuwa ameketi karibu akichambua skrubu, na fundi akihangaika. Alibadilisha waya, maana ziko nyaya za kuchajia simu tu, zinapitisha umeme lakini hazipitishi taarifa, na droo yake ilijaa za namna hiyo. Akabadilisha tundu. Akazima kompyuta, akaiwasha, akafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua bodi, na kuiweka upya. Kompyuta ililia tu-dii, na papo hapo ikalia mlio wa kuaga, kama mtoto anayebisha hodi na kukimbia. Bi Harusi akaomba ashike yeye kitufe. Fundi akamjibu bila kugeuka kwamba kazi hiyo amezoea kuifanya peke yake, na kwamba labda chai ingemsaidia zaidi.

Akaenda kuipika hiyo chai, roho ikimuuma. Aliporudi na kikombe, jua likiwa bado halijazama, alisimama mlangoni. Fundi alishika waya kwa mkono wa kulia na kipanya kwa wa kushoto. Bodi ililala mezani, hakuna aliyeigusa.

"Uko?" fundi akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo mkewe hakuwahi kusemeshwa nayo.

Na Bi Harusi akaona, kwa macho yake mawili, kile kitufe kikididimia chenyewe, bodi ikikandamizwa mezani isiteleze waya ulipoingia, harufu ya waridi ikipanda na kupanda hadi ikafunika moshi wa risasi ya kulehemu, na kutoka kwenye kile kiti kitupu kilicho kando ya mumewe, kiti ambacho yeye hakuwahi kukaribishwa, ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyeweka midomo karibu na sikio, ikaitika: "Nipo."

Kompyuta ililia mara moja, ikatulia. Programu ikaanza kuingia.

"Unaongea na nani?" Bi Harusi alinong'ona.

Fundi aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba baada ya mazishi ulimi wake uliendelea kuuliza kwa mazoea, hadi siku moja akaitikiwa. Aliamini ni marehemu, amerudi kumsaidia, naye hakuwa na moyo wa kumfukuza.

Wivu wa Bi Harusi uliishinda hofu. "Marehemu alikuwa anajipaka marashi?"

Fundi akakumbuka. Marashi yalikuwa yakimpa marehemu kipandauso. Hakuwahi kuyagusa maishani mwake.

Kiti kitupu kikajiburuta, kikamsogelea fundi.

Kesho yake wakamwita shangazi yake fundi, mama mwenye ulimi mkali aliyetibu watu wenye majini. Alikitazama kile kiti, akakataa hata kukipita karibu. Alisema huyo ni jini mahaba, na kwamba hakuvunja mlango wa mtu, aliulizwa, akaitika. Bodi zilizogoma zilikuwa zile ambazo mke alikaa karibu nazo, kwa sababu jini hakutaka kugawana mume.

"Mwanangu, mke hai yuko jikoni, wewe unabembeleza kiti," alimwambia fundi.

Shangazi alisoma dua, akafukiza karakana nzima, kiti kikachomwa uani, na moshi wake ulinukia waridi hadi majirani wakafunga madirisha. Kisha akaacha sharti moja. "Kabla hujauliza, mtazame mkeo usoni. Ukiuliza bila kutazama, umemwalika yeyote. Na jini huyu ana wivu. Akinyimwa nafasi yake, atataka ya mkeo."

Bi Harusi aliketi kwenye kiti kipya, kidole kwenye kitufe. Fundi aligeuza shingo yote, akamtazama, akauliza. "Nipo," akaitika, na furaha ilimjaa hadi machozi yakamlenga. Bodi zilikubali moja baada ya nyingine. Majirani nao wakaanza kumwita Mama Karakana.

Lakini fundi ni fundi. Macho yake yana mke mwingine, naye ni skrini. Mwanzo aligeuza shingo, baadaye akageuza nusu, baadaye akawa anatikisa kichwa tu.

Alasiri moja Mama Karakana alitoka dukani na risasi ya kulehemu, akapitia mlango wa uani. Alimsikia mumewe ndani akiuliza, "Uko?" Akatabasamu, akataka kumtania kwamba leo anauliza ukuta.

"Nipo," ikaitika sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na ule mkwaruzo wake mdogo wa kooni. Wivu ulimchoma kabla hofu haijafika. Alifungua mdomo amwite mumewe, akaisukuma sauti kwa nguvu zake zote, na kooni hakukutoka kitu isipokuwa pumzi.

Kompyuta ikalia tu-dii.

"Leo unanukia vizuri, mke wangu," alisema fundi, macho kwenye skrini.