Siku Meneja Alipomsajili Radi

Kila siku akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, akala chapuchapu, kisha akarudi uwanjani kwa mazoezi ya kriketi. Kati ya kula na kurudi uwanjani alikuwa na shughuli moja asiyoikosa: kushika simu ya bibi na kuiongoza timu yake.

Timu hiyo haikuwa na uwanja wala jasho. Ilikuwa ndani ya mchezo wa kriketi wa mtandaoni, ambamo yeye ndiye aliyeamua nani arushe mpira, nani aupige na nani akae benchi. Wachezaji wake hawakumbishia wala hawakuchelewa. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Meneja, naye aliitika bila aibu.

Shida ilikuwa moja tu. Timu ya Meneja ilifungwa na kila aliyepita, kwa kuwa haikuwa na mrushaji mwenye kasi. Basi alipoona kwenye simu kwamba Radi, mrushaji hatari kuliko wote, ameachwa na timu yake, moyo ulimruka. Saa kumi kamili Radi angekuwa huru, na meneja wa kwanza kubonyeza neno "Sajili" ndiye angempata.

Saa kumi ndiyo saa ya mazoezi. Tena Jumamosi timu ya shule ilikuwa na mechi, na mrushaji wake tegemeo alikuwa Meneja mwenyewe.

Alifikiri kidogo, kisha akaingia jikoni akichechemea.

"Bibi, nimeteguka kifundo cha mguu. Leo siwezi kwenda mazoezini."

Bibi alikuwa muuguzi miaka mingi, na tangu astaafu hakuwa amepata mgonjwa hata mmoja wa kumfurahisha. Macho yakamng'aa. Alimpigia simu mwalimu wa michezo kumpa habari, akamlaza mjukuu wake kwenye kochi, akaufunga mguu wa kushoto bandeji mpaka karibu na goti, akaupandisha juu ya mito.

"Nipatie simu basi, Bibi, nisije nikachoka kulala."

"Mgonjwa hapumziki na simu," alisema Bibi, akaiweka juu ya kabati. Kisha akavuta kiti, akaketi kando ya mgonjwa wake kama askari wa zamu.

Meneja aliitazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa unayoyoma.

"Bibi, nina kiu."

Jagi la maji lilikuwa hapo hapo. Bibi alimimina, akampa.

"Nina njaa pia."

Bibi alitoa biskuti mfukoni mwa aproni.

"Kuna mtu anagonga mlango wa nyuma."

"Mbona mimi sisikii?"

"Ndiyo maana nakuambia, Bibi."

Bibi akainuka, saa ya ukutani ikionyesha saa kumi kamili. Hata hajafika jikoni, Meneja alikuwa ameshapanda kiti, ameshika simu na amebonyeza. "Hongera," mchezo ukamwambia. "Radi ni wako." Aliirudisha simu juu ya kabati, akajitupa kwenye kochi, akaupandisha mguu kwenye mito na kukunja uso kwa maumivu.

Bibi alirudi, akasimama akiitazama ile miguu.

"Mjukuu wangu, mguu wenye bandeji uko chini. Uliolala kwenye mito ni ule mzima."

"Maumivu yamehama, Bibi."

"Yamehama. Yalipita njia gani?"

Kabla Meneja hajaipata njia yenyewe, hodi ilibishwa, na safari hii ilikuwa ya kweli. Mwalimu wa michezo aliingia, mwanamke asiye na maneno mengi, nyuma yake timu nzima na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, Bibi," waliamkia kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni mumwone mgonjwa."

"Tumeshindwa kufanya mazoezi," alisema Mwalimu. "Kila mtu anauliza habari zako tu. Jumamosi atarusha Kimya."

Kimya alikuwa msichana mpole ambaye sauti yake wengi walikuwa hawaijui. Alisogea karibu na kochi.

"Sijawahi kurusha kwenye mechi," alinong'ona. "Nikiiwaza tu hiyo Jumamosi natamani kukimbia. Nimetapika njiani. Tafadhali, upone haraka."

Meneja alimtazama Kimya, kisha akageuza uso ukutani. Hapo simu ikalia juu ya kabati. Bibi aliishusha, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya wodini:

"'Meneja, mchezaji uliyemsajili leo saa kumi, Radi, ameteguka kifundo cha mguu. Hatacheza msimu huu.'"

Akavua miwani.

"Kumbe ugonjwa wenyewe unaambukiza."

Timu ililipuka kwa kicheko. Hata Mwalimu aligeukia dirishani kuuficha mdomo. Kimya peke yake hakucheka. Aliitazama bandeji, kisha akamtazama Meneja, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Sikuteguka," alisema Meneja. "Nilidanganya ili nimsajili mchezaji. Bibi, nisamehe. Kimya, nisamehe na wewe."

"Jumamosi hutarusha," alisema Mwalimu. "Mpaka siku hiyo kazi yako ni kumfundisha Kimya kila unachokijua."

Ikawa hivyo. Kila jioni Meneja alisimama kando ya Kimya, akimwonyesha namna ya kuushika mpira na wakati wa kuuachia ili uzipige wiketi, vile vijiti vitatu vinavyosimama nyuma ya mpigaji. Mpira wa kwanza wa Kimya siku ya mechi ulikwenda kumtafuta mwamuzi. Wa pili ukapotea majanini. Meneja, aliyekuwa benchi na chupa za maji, alimwita kwa sauti ya chini: "Vuta pumzi. Tazama wiketi tu." Mwishowe mpira mmoja ulinyooka na kuziangusha wiketi, na Kimya akapiga ukelele ambao haukusikika tena mwaka ule.

Walishinda kwa tofauti ndogo sana. Baada ya mechi Mwalimu aliketi kwenye benchi karibu na Meneja.

"Mchezaji wa kwenye simu akikosekana, unabonyeza, anakuja mwingine, wala hakuna anayeumia," alisema. "Wewe ukikosekana kwa uongo, kuna mtu anatetemeka mahali pako. Cheza mchezo wako, sikukatazi. Ila ukiwa na jambo, sema ukweli. Ungeniomba dakika chache siku ile, ningekupa."

Meneja hakuwa amefikiria kabisa kwamba angeweza kuomba. Aliinamisha kichwa, akasema, "Nimeelewa, Mwalimu," kisha akaenda kumsaidia Kimya kung'oa wiketi.