Drili Isiyo na Mkanda

Rafiki yangu Editha, wa Magomeni, alikuwa anapepeta mchele jioni moja pale jirani yake Namelok alipoingia uani mbio.

"Mama Happiness, mumeo anatoboa chuma kinene, na drili ya marehemu baba mkwe wako inakwenda kasi ileile iliyomkata vidole!"

Editha akatupa ungo. Kabla hajafika karakanani kwa mumewe umeme ukakatika mtaa mzima. Mle gizani akasikia drili inazunguka polepole, ikisaga chuma: krrr... krrr...

"Afadhali umeipunguza mwendo," alisema akihema.

"Nani kaipunguza?" Frank, mumewe, akajibu kutoka nje, nyuma yake. "Ndiyo kwanza nimetoa mkanda, niuhamishie kwenye puli kubwa ili izunguke polepole. Huu hapa."

Editha alimpapasa vidole. Vyote kumi vilikuwapo. Akamvuta hadi nyumbani.

Wali ulipoiva akapakua, akawahesabu mkekani: Frank, mama mkwe, watoto watatu. Wote walikuwapo. Umeme ulikuwa haujarudi. Kule karakanani drili ikanyamaza kidogo, kama fundi anapoongeza mafuta, kisha ikaendelea polepole.