Alama Kumi na Nane za Kijani

"Soksi yangu ya kushoto iko wapi?"

"Soksi haina kushoto wala kulia," Mama alijibu kutoka jikoni bila kugeuka. "Vaa uondoke. Saa moja kasoro dakika ishirini hii. Ungeamka nilipokuamsha, sasa hivi ungekuwa nusu ya njia."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Mama, ambaye alikuwa muuguzi wa zahanati, alimwamsha binti yake saa kumi na moja na nusu. Binti akaitika "Naam, Mama," kisha akageukia ukutani na kulala tena. Baba, fundi wa friji, aliwasha gari mapema, akaliacha likinguruma uani huku akimsubiri. Moshi ukapanda taratibu hadi kwenye shuka zilizoanikwa.

"Zima hilo dude!" Mama alipiga kelele dirishani. "Unapika nini humo?"

"Injini inapata moto!" Baba akajibu, kama jana na juzi.

Kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Kwa gari, ukijumlisha foleni, ni dakika kumi na tano siku ikiwa njema. Binti huyo wa miaka kumi na miwili alikaa kiti cha nyuma, ameinama chini ya kioo kama mzigo wa magendo.

"Nishushe kwa kinyozi, Baba."

"Langoni ni hapo tu. Kwa nini nisikufikishe?"

"Kuna msongamano."

Hilo lilikuwa kweli. Uongo ulikuwa mbele. Aliposhuka kwenye kona ya kinyozi, alisugua viatu vyake kwenye vumbi mpaka vikapoteza rangi, akavuta pumzi mbili tatu za mtu aliyechoka, kisha akatembea hatua mia mbili hadi langoni. Wenzake wa darasa la sita wakamlaki: "Kiguu! Kiguu na njia!"

Jina hilo lilizaliwa na chati. Wiki nne nyuma, Mwalimu wa Sayansi alibandika karatasi kubwa ukutani yenye majina ya wanafunzi wote arobaini. "Gari likichoma mafuta hutoa hewa ukaa," aliwaambia. "Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi ikizuia joto lisitoke, kama blanketi zito juu ya mgonjwa wa homa. Ndiyo maana joto linazidi, na mvua siku hizi hazijui zinyeshe lini. Mimi na nyinyi hatuwezi kuzima jua. Lakini safari fupi tunaweza kuitembea." Aliyekuja kwa miguu au kwa baiskeli angechoma kwa pini alama ya kijani. Watoto wa familia kadhaa waliopanda gari moja wangechoma ya njano. Aliyeletwa peke yake angechoma nyekundu. "Sitamkagua mtu. Nawaamini."

Siku ya kwanza Kiguu alikuwa ameshika nyekundu mkononi. Mara viranja wa darasa la saba wakachungulia mlangoni na kucheka, "Darasa la sita, watoto wa mabosi! Miguu yenu ni ya mapambo?" Akairudisha nyekundu kwenye kopo la alama, akachukua ya kijani. Leo tu, alijiambia. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya kumi alishapata jina. Kufikia Jumatano ya wiki ya nne alikuwa na alama kumi na nane za kijani mfululizo, na Mwalimu akamchagua awe mtembeaji wa mfano. Angehutubia mkutano wa wazazi siku ya Ijumaa.

Aliyejua ukweli wote alikuwa Msumari, mvulana mrefu mwembamba waliyekaa naye dawati moja. Mama yake Msumari alikuwa fundi cherehani, na waliishi mbali, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kila siku Msumari alitembea dakika arobaini akimshika mkono mdogo wake wa darasa la kwanza, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mara nyingi walimpita Kiguu pale konani akisugua viatu. Msumari hakusema kitu. Ila wakikaa darasani alimwuliza polepole, "Habari za safari?" Neno hilo lilimchoma Kiguu kuliko tusi.

Na Kiguu hakuwa peke yake. Siri ya kona ilienea kama moto wa nyasi. Sasa magari karibu ishirini yalisimama kwa kinyozi kila asubuhi, injini zikinguruma, magurudumu yamepanda juu ya njia ya watembea kwa miguu. Watoto walishuka wakiangalia chini, kila mmoja akijifanya hakumwona mwenzake.

Alhamisi kulikuwa na matope, mvua ilinyesha usiku. Baba alikuwa amepigiwa simu mara tatu kabla ya kufika konani: friji la mwenye bucha limekufa, nyama inaharibika. "Shuka haraka, mwanangu, haraka!" Kiguu akashuka. Mbele kulikuwa na gari, pembeni gari. Baba akaanza kurudi nyuma.

Kiguu alikuwa ameinama akipaka viatu matope. Alipoinua kichwa alimwona Chiriku. Njia ya miguu ilikuwa imezibwa, kwa hiyo mtoto alikuwa ameshuka barabarani kulizunguka gari lililoiziba, akimsimulia kaka yake jambo huku anatembea kinyumenyume. Nyuma yake gari la Baba lilikuwa linakuja.

Kiguu alifungua kinywa apige kelele. Alichelewa.

Kishindo kilikuwa kidogo, kama mtu aliyepiga debe kwa kiganja. Kisha kimya. Chiriku, ambaye hakuwahi kunyamaza tangu azaliwe, alikuwa kimya. Halafu akalia, na kilio hicho kikampa Kiguu pumzi.

"Sikumwona! Jamani, sikumwona!" Baba alitoka garini.

Kinyozi alikuja mbio, taulo begani. "Fundi, usisimame! Mpakie, twende zahanati!" Msumari akaingia na mdogo wake mapajani, mkono wa Chiriku ukining'inia vibaya. Kabla mlango haujafungwa alimtazama Kiguu. Safari hii hakuuliza habari za safari.

Darasani Kiguu alisimama mbele ya chati, vidole ndani ya kopo la alama, asijue achukue ipi. Nyuma yake mlango ukafunguka. Aliingia Mwalimu Mkuu pamoja na Mwalimu wa Sayansi, na Kiguu akakimbilia kiti chake.

"Mtoto wa darasa la kwanza amegongwa na gari kwa kinyozi," Mwalimu Mkuu alisema. "Yuko zahanati. Anaongea."

"Chiriku akiongea basi ni mzima," mtu alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Mkuu aliitazama chati, akihesabu kwa kidole. "Thelathini na moja! Watoto thelathini na moja wa darasa hili moja wanakuja kwa miguu. Barabara haiwezi kubeba watembea kwa miguu wengi hivi. Kesho nitawaambia wazazi kwamba zoezi hili limekwisha. Kila mtoto aletwe kwa gari mpaka langoni."

"Na asiye na gari?" Mwalimu wa Sayansi aliuliza taratibu.

"Aombe lifti."

Kiguu aliitazama chati tena. Chati ilikuwa imewahukumu wasio na kosa. Msumari na Chiriku ndio wangefukuzwa barabarani, na magari yaliyowaziba njia yangeongezeka maradufu. Akisema, kila mtu angejua ni gari la nani lililogonga, na lilikuwa linamleta nani. Hotuba ingekwenda, na jina lingekwenda. Baba je, angesema nini? Lakini akinyamaza, kesho neno hilo lingekuwa amri. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Mwalimu Mkuu." Kiguu alijikuta amesimama. "Barabara haijajaa watembea kwa miguu. Imejaa magari yetu."

"Yenu? Yenu nyinyi nani?"

"Lililomgonga Chiriku ni la Baba. Alikuwa ananileta mimi. Ananileta kila siku. Namwambia anishushe pale ili… ili nionekane nimetembea."

"Ha! Kiguu?" Sauti ilitoka nyuma.

Hakugeuka. Alikwenda kwenye chati akaanza kuchomoa. Pini kumi na nane ni nyingi sana ukizichomoa mbele ya watu wote. Moja ilianguka, akaiokota, akaendelea mpaka mstari wake ukabaki mweupe.

Mwalimu wa Sayansi hakumkemea. Alichukua kifutio. "Nafuta ubao," alisema akiwapa mgongo. "Nafuta polepole. Nikigeuka nataka kuona chati ya kweli."

Viti vikakwaruza sakafu. Alipogeuka, juu ya meza yake kulikuwa na chungu ya alama za kijani.

"Mwalimu," mvulana mmoja alinyoosha kidole, "mimi Jumanne nilitembea kweli. Gari liliharibika."

"Rudisha ya Jumanne."

Ukutani walibaki watembeaji kumi na mmoja. Mwalimu wa Sayansi aliwageukia. "Hewa haisomi chati," alisema. "Inapokea moshi uliotoka, si moshi mliosema haukutoka. Tungeweza kujaza ukuta huu rangi ya kijani na joto likazidi kupanda."

Mwalimu Mkuu alishusha pumzi. "Nami nilikuwa karibu kutoa amri ya kipumbavu kwa sababu ya karatasi." Akamgeukia Kiguu. "Ulichaguliwa kuhutubia wazazi, na utahutubia. Utasema haya haya."

Kule zahanati, aliyempokea Chiriku mlangoni alikuwa Mama yake Kiguu. Mfupa wa mkono ulikuwa na ufa, akafungwa plasta ngumu ya wiki nne. Jioni Baba alikaa mezani bila kugusa chakula, na Kiguu akawaeleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Dakika ishirini na tano za kutembea," alisema. "Tumezikimbia kwa gari, na tumefika wapi? Zahanati."

Ijumaa Kiguu alisimama mbele ya wazazi, akasema haya haya. Minong'ono ikapanda. Baba mmoja akainuka. "Sasa watoto wakitembea, magari tulinunua ya nini?"

Aliyemjibu alikuwa mama yake Chiriku, futi ya kupimia nguo bado shingoni. "Mimi sina gari la kupunguza, baba. Nilicho nacho ni watoto wanaotembea. Sikuombi lifti. Nipishe njia tu."

Baba yake Kiguu akasimama, uso chini. "Mama Chiriku, nimekukosea, na mbele ya watu nakuomba radhi. Gari langu ni la kubebea friji. Mtoto si friji. Kuanzia Jumatatu tunatembea, na wateja wa upande mmoja nitawapitia kwa safari moja."

Walibishana hadi adhuhuri, lakini wakakubaliana. Hakuna gari litakalosimama kati ya kinyozi na lango. Wanaotoka mbali watapanda gari moja pamoja na kushukia kiwanja cha mpira, penye nafasi, injini ikiwa imezimwa. Wengine watatembea kwa kundi, na wazazi watapokezana kuwasindikiza.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Mama. Msumari na Chiriku walipopita mbele ya nyumba, Kiguu alikuwa tayari nje.

"Nisamehe," alimwambia Msumari.

Msumari alirekebisha begi lake begani. "Ungekuja nasi siku zote hizo," alisema, "ungenisaidia kumsikiliza huyu."

"Mkono wangu ni mzito kuliko jiwe!" Chiriku alikuwa anamwambia Mama. "Unataka kuubeba? Nani atanibebea begi?" Kiguu akalichukua begi.

Walipofika kwenye mteremko, mashavu ya miguu yakimwuma, Kiguu aliuliza, "Mama, sisi watu wanne tukitembea, kweli joto la dunia litapungua?"

"Sisi wanne peke yetu? Halitapungua," Mama akasema. "Nami sijawahi kutibu wagonjwa wote wa dunia. Namtibu aliye mbele yangu, na muuguzi mwingine anamtibu wake. Safari iliyo mbele yako ndiyo yako, itembee. Na siku usipoitembea, sema hukuitembea, maana anayeficha ugonjwa hapati dawa. Haya, kazeni mwendo, kengele haimsubiri mtu."